Unataka kwenda kukaa shambani na kujitolea? Uliza maji kwanza

Kama unafikiria kwenda kukaa shambani kwa watu, ufanye kazi nao, ule kwao, ulale kwao, swali la kwanza si chakula wala mtandao, swali la kwanza ni maji yanatoka wapi. Nasema hivi manake mimi nilikwenda bila kuuliza. Nilitoka Majengo hapa Mombasa na begi moja, nikapanda matatu alafu boda mpaka upande wa Mwakirunge, Kisauni kule ndani ambako watu wengi wa mjini wanakujua kwa lile jaa la taka tu, kumbe kuna mashamba, kuna minazi, kuna watu wana eka moja eka mbili na wanakula kutoka hapohapo. Nilisema nitakaa mwezi. Nikakaa miezi saba, na mpaka leo narudi kila nikipata nafasi, sasa hivi mimi ndo napokea wanaokuja kujitolea na kuwaonyesha kazi, kwa hivyo haya ninayoandika ni yale ambayo ningetaka mtu aniambie siku ile nashuka kwa boda.

Shamba lenyewe ni eka mbili. Kuna nyumba ya mawe na mabati, kuna kibanda cha makuti tunacholala sisi wageni, kuku, mbuzi wanne, muhogo, migomba, mipapai, mboga, matanki mawili, sola ndogo ya taa na simu, na choo cha jivu. Maganda ya jikoni yanaenda kwa kuku na mbuzi, mavi yao yanaenda kwa mboji, mboji inaenda kwa mboga, mboga inarudi jikoni. Mama mwenye shamba hatumii maneno makubwa, anasema tu hapendi kununua kitu ambacho kinaweza kuota.

Hii habari ya kufanya kazi shambani ukapewa chakula na pa kulala ina mpango mkubwa duniani unaitwa WWOOF, ulianza Uingereza mwaka wa 1971, aliyeuanzisha ni Sue Coppard, mama mmoja aliyekuwa katibu wa ofisi London na alichotaka ni kutoka mjini wikendi tu akaguse udongo. Huku kwetu sisi tuna msemo wetu wa zamani, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naona msemo huu watu wanautumia vibaya, kama vile ni wa kumfukuza mgeni, na ukweli ni kwamba ukipewa jembe umeshakuwa mtu wa nyumbani.

Kabla hujabeba begi

Nenda siku moja kwanza, asubuhi mpaka jioni, kisha urudi kwenu ulale ufikirie. Mtu akikwambia huwezi kuja kuona mpaka utume pesa, achana naye. Mchango wa chakula ni sawa, mahali pengine mtaelewana utoe kitu kidogo kila wiki, na kama hamna pesa inayopita mtaelewana saa za kazi, lakini zile hela nyingi za kulipa mbele kwa mtu hujamuona uso, hapana.

Ukifika hiyo siku ya kuona, tembea na macho. Angalia tanki lina mfuniko, angalia choo, angalia unapolala kuna mlango unaofungika na kuna neti. Uliza kazi ni saa ngapi kwa siku. Kwangu mimi masaa manne mpaka sita kwa siku yanatosha, siku tano au sita kwa wiki, na yagawanywe, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, alafu saa kumi jioni mpaka magharibi, manake katikati hapo jua la Mombasa si la kushindana nalo na mwenye shamba anayekutoa nje saa saba mchana Februari hajui kazi au hakujali wewe. Uliza siku ya mapumziko ni ipi. Uliza ukiumwa itakuwaje. Yaandikeni hata kwa ujumbe wa simu ili wote wawili muwe na kitu cha kurudi kusoma. Mimi nimeona urafiki mzuri ukiharibika kwa sababu mmoja alidhani amekuja kujifunza na mwengine alidhani amepata kibarua wa bure, na hakuna aliyekuwa mwongo, hawakuongea tu.

Kama wewe ni msichana uliza pia nani wengine wanalala pale, na mwambie mtu wa kwenu uko wapi, mtumie lokesheni. Si dharau kwa mwenyeji, mwenyeji mwenye heshima zake atakusaidia kuituma.

Na wageni kutoka nje ya nchi, ruhusa ya kuingia kama mtalii si ruhusa ya kufanya kazi hata kama hulipwi, nendeni muulize uhamiaji mapema kabla ya kupanga.

Wakati wa kwenda. Watu wengi wanataka kuja Desemba kwa sababu ya likizo na ni sawa, lakini ukitaka kujifunza kweli njoo Februari au mwanzo wa Machi. Hapo kaskazi bado inavuma, jua kali, ardhi kavu, na ndo wakati wa kuchimba mashimo, kukusanya majani, kufagia mapaa na kuosha matanki, ili masika yakiingia mwisho wa Machi au Aprili kila kitu kiko tayari. Anayekuja mvua ishaanza anakuta watu wanakimbizana na mbegu na hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha. Vuli za Oktoba mpaka Disemba ni mvua ndogo, zinakuja na kuondoka, tunapanda kunde na mchicha lakini hatuziamini sana.

Cha kubeba: gambuti, hizi ni lazima. Tochi ya kichwani. Neti yako kama una wasiwasi na ya pale. Nguo za mikono mirefu nyepesi, kofia, leso mbili au kikoi (utafanyia kila kitu, kujifunga, kujifuta, kubebea majani), sabuni ya kipande, chupa ya maji, dawa zako mwenyewe, pawabenki. Mifuko ya plastiki iwache, tangu Agosti 2017 imepigwa marufuku Kenya na shambani hatuna pa kuitupa, beba kikapu. Na glavu kama mikono yako ni ya ofisini, hakuna aibu, malengelenge ya siku ya pili yatakunyima kazi wiki nzima.

Maji

Hapa nitakaa kidogo.

Mombasa maji ya mfereji tunayajua, leo yapo kesho hayapo, na huko pembeni mara nyingi hata bomba halijafika. Kisima kikiwepo huenda ni cha chumvi. Kwa hivyo shamba dogo linaishi kwa mvua iliyowekwa, na ya mtungi ikibidi, ile ya mkokoteni. Hesabu yake ni rahisi na kila anayekuja namfanya aipige mwenyewe siku ya kwanza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya bati inakupa lita moja. Paa letu ni kama mita 8 kwa 5, hiyo ni mita mraba 40. Ikinyesha mvua ya milimita 20, ile ya usiku mmoja mzuri wa Aprili, ni lita 800. Toa inayomwagika na inayoruka nje ya gata, bado unabaki na mitungi zaidi ya 30 ya lita 20, kwa usiku mmoja, bila kumlipa mtu. Sasa fikiria gata imeziba na majani ya mwembe na hakuna aliyepanda kuitoa. Ndo maana kazi ya Machi ni gata.

Mvua ya kwanza usiiingize kwa tanki. Mapaa yamekaa miezi na vumbi na mavi ya kunguru, toa ule mpira unaoingia kwa tanki uuweke pembeni, maji ya mwanzo yamwagike kwa migomba, alafu rudisha. Weka chandarua kwa mdomo wa tanki na ufunge kwa kamba kabisa. Hii si ya usafi tu. Mwisho wa 2017 kuingia 2018 Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya, watu wakawa hawawezi kusimama kwa maumivu ya viungo, na mbu anayeleta hiyo ndo huyohuyo wa dengi, anauma mchana na anapenda maji yaliyotulia ya karibu na nyumba, mapipa, ndoo, matairi, mpaka kifuu cha nazi kilichoachwa kimekaa wazi juu. Mayai yake yanashika kwa ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, kumwaga maji peke yake hakutoshi, sugua. Sisi Jumamosi asubuhi tunazunguka shamba zima, kila kifuu tunakigeuza kifudifudi, kila ndoo inasuguliwa. Mtoto wa miaka sita pale nyumbani ndo bingwa, anaona vifuu ambavyo sisi tumevikosa.

Sasa nikueleze kosa langu. Wiki ya tatu, jioni, nilikuwa namwagilia mchicha, simu ikalia, nikaongea, nikaenda kula, nikalala. Mfereji wa tanki kubwa sikuufunga. Asubuhi mama aliamka kuchukua maji ya kutawadha alfajiri na tanki lilikuwa limekauka, ilikuwa Februari, mvua bado sana. Hakunipigia kelele. Alichukua ndoo akaenda kwa jirani, akarudi, akatawadha, akaswali, na ndo akaja kuniamsha akaniambia tu, tanki limekwisha. Nililia, wallahi. Nililipa mikokoteni miwili ya mitungi kwa pesa zangu na haikufika hata robo ya kilichopotea. Tangu siku ile nina sheria ambayo kila anayekuja kujitolea anaijua kabla hajaonyeshwa kitanda: ukifungua mfereji, mkono wako hauondoki hapo mpaka umeufunga, na usiku kabla ya kulala mtu mmoja anazunguka na tochi kugusa mifereji yote. Kugusa, si kutizama.

Kuoga, nusu mtungi na kata inatosha mtu mzima na nywele zake. Maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo yanaenda kwa migomba na mipapai kupitia mtaro mdogo wenye kokoto, usiyamwage kwa mboga za kuliwa mbichi, na utumie sabuni kidogo.

Kama kisima ni cha chumvi bado kinasaidia lakini ujue cha kumwagilia. Mnazi unavumilia chumvi, spinachi na bitruti zinavumilia, maharage hayawezi kabisa, utaona majani yanaungua kingo kama yamepitiwa na moto. Mwaga chini kwa mizizi, usimwage juu ya majani, na masika yakija acha mvua ioshe ile chumvi iende chini.

Alafu matuta. Watu wanaangalia video wanaona matuta yaliyoinuliwa juu, mazuri, wanakuja wanataka kujenga hivyo. Hayo ni ya mahali pa mvua nyingi au udongo unaotuama maji. Kwa mchanga wetu wa pwani tuta la juu linakauka kama sinia. Sisi tunachimba chini, kina cha kiganja kimoja au zaidi, tunajaza mboji na majani, tunaacha kidimbwi kidogo ili kila tone lielekee kwa mmea. Kwa mipapai tunafukia chungu cha udongo kisichopakwa kitu, mpaka shingoni, tunajaza maji na kukifunika, kinatoka jasho polepole na mizizi inakuja yenyewe kukizunguka. Chungu kilichopata ufa kidogo na hakifai tena kupikia, usikitupe, hapa kina kazi.

Udongo

Utasikia watu wanasema pwani hakuna udongo, ni mchanga na mawe ya matumbawe. Nenda Haller Park pale Bamburi ukaone. Ile ilikuwa timbo la kiwanda cha saruji, jiwe tupu, kweupe, joto. Mwaka wa 1971, mwaka uleule wa yule mama wa London, René Haller alianza kupanda miti pale, akajaribu aina nyingi na karibu zote zikafa, mvinje ukakubali. Mvinje mizizi yake inashirikiana na bakteria kuchukua naitrojeni hewani ndo maana unaota hata kwenye jiwe. Lakini majani yake yale kama sindano yakawa yanaanguka na hayaozi, yanarundikana tu, mpaka wakaleta majongoo, hawa hawa majongoo wenye miguu myekundu tunaowaruka njiani mvua ikinyesha, wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Sasa ni msitu. Mimi tangu nijue hivyo simruhusu mtu akanyage jongoo shambani.

Kwa hivyo kazi yako kubwa kama mgeni itakuwa kubeba majani. Si kazi ya picha nzuri, ni kubeba na kubeba. Matandazo ndo mwavuli wa udongo, majani makavu, nyasi, makuti yaliyozeeka, yatandaze unene wa vidole vinne au zaidi ukiacha nafasi kidogo kwenye shina lisioze. Tuta lenye matandazo tunalimwagilia mara mbili au tatu kwa wiki, lisilo nayo linataka kila siku, na mvua haliisubiri.

Mboji tunafanya hivi. Rundo liwe angalau mita moja kila upande, dogo kuliko hapo halipati joto. Chini matawi mepesi hewa ipite, alafu tabaka la makavu, tabaka la mabichi, mavi ya mbuzi au kuku, jivu kidogo, udongo kidogo, maji, unarudia. Mabichi tukipungukiwa kuna jirani mwenye pikipiki anapeleka ndizi Kongowea na anarudi na magunia ya kabeji na maganda yaliyotupwa sokoni, ukiyapokea toa kwanza plastiki zote na kamba za nailoni, kaa chini utoe moja moja. Chomeka panga katikati ya rundo, baada ya siku nne tano ulitoe ulishike: likiwa moto rundo linafanya kazi, likiwa baridi na kavu ongeza maji, likiwa baridi na linanuka ongeza makavu na uligeuze. Kila wiki mbili geuza. Kwa joto letu baada ya miezi miwili mitatu unapata kitu cheusi kinachonukia kama msitu baada ya mvua.

Makumbi ya nazi usiyachome yote. Fukia kuzunguka mnazi, kama mita moja na nusu hivi kutoka shina, kwa matabaka, upande wa ndani wa kumbi ukiangalia juu kama kikombe, yananyonya maji ya masika na kuyaachia pole pole kiangazi. Ni kazi ya siku nzima kwa minazi michache na mgongo utauma, lakini inakaa miaka.

Choo cha jivu wageni wanakiogopa bure. Mkojo unaelekezwa pembeni, ukichanganywa na maji, moja kwa kumi, ni mbolea ya migomba. Kinyesi unafunika na jivu na majani makavu kila mara, hakinuki, na shimo likijaa linafungwa na kuachwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuguswa, na hata hapo sisi tunapeleka kwa miti, si kwa mboga. Hapo usiharakishe hata kama linaonekana limekuwa udongo.

Kuku, kunguru na wadudu

Kuku wa kienyeji ni rahisi ukijua mambo mawili. La kwanza kideri, ugonjwa wa kuku. Kinaingia na kumaliza banda zima kwa siku chache, na hakina dawa kikishaingia, kina chanjo tu, ile ya tone la jicho, tunarudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko ulionao kwa hivyo ongea na majirani mchange na mchanje siku moja, kibebwe kwa chombo cha baridi na kitumike siku hiyohiyo. Kazi ya kushika kuku usiku na tochi wakiwa wamelala ni ya volantia, jiandae. La pili ni kunguru. Kunguru wa Mombasa hana huruma, kifaranga kikitoka chini ya mama yake dakika moja kimekwenda. Vifaranga vyetu vinakaa ndani ya tenga kubwa lililofunikwa wavu mpaka vipate mabawa.

Ukipanda mwembe au mkorosho ukakuta siafu wekundu wanaoshona majani wakafanya kama kifuko, hao tunawaita maji moto, na wakikuuma utajua kwa nini. Usiwachome. Wanakula wadudu wanaofyonza madafu machanga na maua ya mkorosho, shamba lenye maji moto juu linabeba zaidi. Vaa mikono mirefu, chuma haraka, shuka.

Viwavi jeshi kwenye mahindi tunawapiga na jivu au mchanga mkavu, unamimina kidogo katikati ya moyo wa muhindi asubuhi mapema, mmea kwa mmea. Kwa wadudu wa mboga, mwarobaini: ponda majani fungu kubwa, loweka kwa ndoo usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo inate, nyunyiza jioni. Jioni kwa sababu jua linaiua ile dawa.

Nyoka wapo. Usitie mkono chini ya rundo la makuti au makumbi, geuza kwa jembe kwanza, vaa gambuti, usiku usitembee bila tochi. Mtu akiumwa asikatwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza, atulizwe, kiungo kisichezeshwe, na apelekwe hospitali kubwa mara moja, kwa hivyo namba ya mtu wa gari au boda iwe kwa simu yako tangu siku ya kwanza. Na usikae chini ya mnazi wenye nazi, hata kama kivuli chake kinakuita.

Kukaa na watu

Unaingia nyumba ya watu, si kambi. Piga hodi hata kama mlango uko wazi. Wazee shikamoo, kila asubuhi, hata kama mlionana jana usiku, na usimpite mtu njiani bila kumwamkia manake kesho huyo ndo utamuomba mtungi wa maji. Mimi mama mwenye shamba namuita mama, mumewe namuita baba, na wageni wote ninawaambia wafanye hivyo. Nyumba yetu ni ya Waislamu, kazi inasimama kwa swala, Ijumaa mchana hakuna jembe, Ramadhani ratiba yote inageuka na hata kama hufungi hutakula mbele ya watu. Ukienda kwa nyumba ya Wagiriama au nyumba ya Wakristo utakuta taratibu nyingine, uliza. Mavazi ya heshima, leso iwe karibu. Pombe uliza kabla, si kila mwenye mnazi ni mgema.

Picha. Usipige watoto ukaweka mtandaoni bila kuomba wazazi wao, na usiandike maneno kama umekwenda kuokoa watu. Hakuna aliyekuwa anazama.

Jikoni ingia, wanaume pia, hapo ndo utajifunza zaidi ya shambani. Utakaa juu ya mbuzi ukune nazi mpaka mkono uzoee, utatwanga kisamvu, na kisamvu kichemshwe sana, majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, usione kijani ukadhani ni saladi. Asubuhi ni muhogo wa kuchemsha au mahamri na mbaazi ya nazi, mchana sima na mtoriro au mchicha, samaki akipatikana ni siku nzuri. Utakula kitu kimoja mara nyingi kwa sababu ndicho kilichoota. Kama kuna kitu huli sema siku ya kwanza kwa adabu, kuliko kuacha chakula sahanini, mama anaona kila kitu.

Wiki ya kwanza fanya unachoambiwa hata kama una wazo bora. Tulipata kijana mmoja mzuri sana, amesoma kilimo, siku ya pili aling'oa vichaka vyote kando ya uwa kwa kuona ni magugu, kumbe ni mchunga na mnavu, mboga za mama, na mojawapo ilikuwa ameiomba mbegu kwa dadake mbali. Kijana alisikitika, akapanda upya, mambo yakaisha, lakini miezi miwili hatukula mchunga. Mimi huwaambia, kabla hujang'oa kitu uliza jina lake.

Na ukichoka sema. Kuna siku utaamka hutaki kuona jembe, joto limekunyima usingizi, umekumbuka kwenu, bando limeisha. Ni kawaida, wiki ya pili na ya tatu ndo ngumu kabisa. Omba kazi ya kivulini, kuchambua mbegu, kusuka makuti na bibi, kushona magunia. Mimi yaliyonibakisha miezi saba nadhani ni zile mchana za kusuka makuti, bibi anasuka bila kutizama mikono yake na huku anakusimulia.

Ukikaribia kuondoka toa taarifa wiki mbili kabla, usiage leo ukaondoka kesho, kuna matuta yanakutegemea. Kuna daftari pale kwetu, kila anayeondoka anaandika tuta gani limepandwa nini na lini, kuku gani amechanjwa, gata ipi inavuja. Mbegu ukitaka kubeba omba, utapewa na utapewa zaidi ya uliyoomba. Jioni ya mwisho unamchukua mgeni mpya kama yupo, mnazunguka na tochi, unamshika mkono unamuekea juu ya kila mfereji mmoja mmoja. Gambuti zako kama bado nzima ziwache mlangoni, atakayekuja Februari pengine hana.